Mahindi ya Mkebeni

Binti yangu yuko kidato cha pili. Jioni moja mwanzoni mwa muhula alirudi kutoka shule, akakalia kreti ya soda kando ya jiko langu na kusema mwalimu wa baiolojia anataka kila kikundi kilete wazo la mradi wa maonyesho ya sayansi. Mimi nilikuwa nasukuma chapati. Nina kibanda hapa Suna, mjini Migori, chapati na maharagwe asubuhi, chapati na chai jioni, na saa hiyo wateja ndio huanza kuja.

"Mama, nipe wazo."

"Mimi? Mimi niliishia darasa la tano. Niulize chapati."

"Sisi tumefikiria kupanda mahindi kwenye mikebe miwili. Mmoja juani, mwingine kabatini. Halafu tuangalie ni upi utaota..."

"Hapana."

"Kwani umesikia yote?"

"Nimesikia ya kutosha. Mahindi hayapandwi mkebeni kwa nyumba yangu."

Aliniangalia kama mtu aliyekanyagwa na ng'ombe wake mwenyewe. Mimi si mama wa kukataza vitu vya shule. Nimeuza chapati kwa mvua na kwa vumbi ili asome. Lakini lile swali la mikebe miwili nililijua. Niliwahi kupewa mimi pia, neno kwa neno, na sikuwahi kulijibu. Chapati ikaungua. Usiku huo sikumwambia kitu, ila kesho yake aliuliza tena, na mtoto wangu akianza kuuliza haachi.

Basi nikamwambia, na sasa naandika. Majina sitaandika. Wengine wamekufa na wengine wana watoto ambao hawana kosa. Lakini kazi zao na udugu wao nitaviweka hapa vyote, ili anayejijua ajijue.

Nilizaliwa kisiwani Rusinga, kwenye boma la babu, karibu sana na maji hata usiku mawimbi ulikuwa unayasikia ukiwa kitandani. Kwetu mbegu ina foleni. Msimu ukikaribia, hakuna anayefukia punje kwenye udongo mpaka nyanya mwenye boma, tuliyemwita Dani, atoe yake kwanza. Halafu wake wa wanawe, mmoja baada ya mwingine kwa ukubwa. Ukimruka aliye mbele yako, chira inaingia nyumbani. Chira ni ugonjwa wa kuisha polepole unaoletwa na mwiko uliovunjwa, na ubaya wake ni kwamba haimshiki lazima yule aliyevunja. Inaweza kumwacha yeye ikamla ndugu yake.

Mwaka nilipoingia darasa la tano, mwalimu wa sayansi alituambia kila mtoto apande mahindi kwenye mikebe miwili, mmoja auweke mwangani, mwingine gizani, aone ni upi utaota kwanza. Alituambia tupande nyumbani, kwa sababu yale ya mwaka uliopita yaliyopandwa shuleni yaliliwa na mbuzi. Hilo la mbuzi nalikumbuka vizuri kwa sababu tulicheka darasa zima.

Nilikuwa na hamu, sijui niiseme vipi. Niliokota mikebe ya mafuta ya kupikia kwenye jalala la soko. Nikaweka udongo, nikaweka punje, nikaweka maji. Mmoja nikauweka juu ya jiwe nyuma ya jiko, mwingine nikauficha chini ya kitanda cha kaka yangu. Kaka ndiye aliyenisaidia kutoboa matundu kwa msumari. Alikuwa mkubwa kwangu kidogo, mtundu, mwenye kucheka hata akipigwa. Aliniambia, "Ile ya chini ya kitanda itaota kwanza, kwa sababu nitaiimbia." Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilikuwa nainama kuchungulia. Hakukuwa na kitu bado. Udongo tu, mweusi, wenye baridi.

Wakati huo huo kaka alikuwa anaumwa tayari. Hilo ndilo hawakutaka kulikumbuka baadaye. Tumbo lake lilikuwa limeanza kuvimba tangu likizo, mikono na miguu ikawa myembamba, na chooni alikuwa anaona damu. Alipelekwa zahanati, na mtu wa zahanati hakumvua hata shati. Alimpa vidonge vyeupe vya kichwa, akamrudisha. Huyo namweka hapa wa kwanza.

Halafu asubuhi moja alitapika damu, nyingi. Baba mdogo, mdogo wake baba yangu, ndiye aliyekuwa mkubwa wa boma wakati huo, kwa sababu baba alikuwa amekufa na mama ameolewa kwingine. Akamwita mganga. Mganga alizunguka nyumba, akachungulia huku na huku, akainama chini ya kitanda cha mgonjwa, akatoka na mkebe wangu mkononi. Akauinua juu watu wauone.

"Nani ametoa mbegu kabla ya mwenye boma?"

Dani alipiga ukelele. Alikuwa hajapanda hata punje, mvua yenyewe ilikuwa bado. Baba mdogo akanishika sikio. Nikasema ni mwalimu, ni kazi ya shule. Mwalimu akaitwa. Alikuja na baiskeli yake, akasimama pale langoni bila kushuka vizuri, mguu mmoja chini, akaona uso wa baba mdogo, akaona mganga, akasema, "Mimi niliwaambia wapande shuleni."

Huyo namweka wa pili. Naye hakurudi kwetu tena.

Mikebe ilitupwa chooni, yote miwili. Baba mdogo alisema shule ndiyo imeniletea kichwa cha kuruka wakubwa, nisirudi. Kaka alikufa kabla mvua haijaanza. Kwenye mazishi watu walikuwa wananipita kwa mbali kama sufuria inayochemka. Miezi michache baadaye tumbo langu mimi pia likaanza kuvimba, na hapo wakasema chira imerudi kwa mwenyewe. Shangazi aliyeolewa huku Migori alikuja kunichukua, nafikiri zaidi kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka nifie nyumbani kwake. Hospitali ya hapa walichunguza choo changu, wakanipa vidonge vikubwa vichungu vya kumeza siku moja, na nikapona. Daktari alimweleza shangazi ugonjwa kwa Kiingereza. Shangazi akaitikia "yes, yes", na tulipofika nyumbani hakuweza kuniambia hata neno moja.

Basi nimeishi hivyo. Nimeolewa, nimeachika, nimezaa, nimefungua kibanda. Kwetu naenda kwa mazishi tu. Na kila nikienda, kama ni karibu na msimu, shemeji zangu, wake za wana wa baba mdogo, wanaficha kapu la mbegu. Siku moja nilimwona mmoja akilisukuma kwa mguu chini ya meza huku anatabasamu na kunikaribisha uji.

Nilipomaliza kumwambia, binti yangu hakusema pole. Aliuliza, "Kwa hivyo hukuona ni upi uliota kwanza?"

"Hapana."

"Na hujui kaka yako aliumwa nini?"

"Nimekwambia. Chira."

"Mama. Na wewe uliumwa nini?"

Nikageuka kupindua chapati.

Mikebe akaiacha kwa heshima yangu. Wakaanza kutafuta mradi mwingine, yeye na wenzake wawili, na kibanda changu kikageuka maabara. Kwanza walitaka kujua chapati huota ukungu haraka zaidi ikiwa kwenye karatasi ya nailoni, kwenye kitambaa au kwenye bakuli lenye kifuniko. Wakazipanga kwenye rafu yangu. Jirani yangu ana duka la vyombo, Muislamu aliyetoka pwani, mtu wa utani, mimi humwita Sheikh ingawa anakataa. Alikuja kunywa chai, akaona chapati ya kijani imevikwa nailoni.

"Dada, hii ndiyo ya wateja wa mkopo?"

"Hiyo ni sayansi, Sheikh. Usiguse."

"Naona inapumua."

Ile ya nailoni ndiyo iliyooza kwanza, na mimi tangu siku hiyo sifungi chapati za moto kwa nailoni. Lakini mwalimu wao alisema ukungu kila shule italeta. Wakajaribu siafu, kama wanapenda sukari kuliko chumvi. Siafu hawakupenda sukari wala chumvi, walipenda miguu yetu. Mwalimu akawaambia watafute kitu cha kwao, swali ambalo mtu wa Nairobi hawezi kuuliza.

Swali lenyewe lilikuja na Sheikh. Alikuwa anagombana na muuza maji wa mkokoteni. Akaingia kwangu na chupa ya maji aliyoinua juu kuelekea mwanga.

"Huyu ananiambia maji safi. Hebu tazama. Haya si safi, haya ni maangavu tu."

"Si ni kitu kimoja?" nikamuuliza.

"Kimoja wapi? Maangavu maana yake unaona chini. Safi maana yake ukinywa hukimbilii choo."

Binti yangu akaacha kuandika. "Mama, kwa Kijaluo tunasemaje maangavu?"

"Maler."

"Na safi?"

Nilifungua mdomo. Maler. Neno ni lile lile. Maji unayoona chini yake ni maler, na maji yasiyo na uchafu ni maler, na hata moyo usio na dhambi ni maler. Tulitazamana. Sheikh akasema, "Ndio maana mnaharisha," akaondoka na chai yangu bila kurudisha kikombe.

Lakini mimi sikuwa nacheka, maana nilikuwa nimekumbuka mahali. Nyuma ya boma letu ziwa linapiga mawe, na maji pale ni machafu kwa macho, yana mchanga na povu. Ukienda kando kidogo, kuna kighuba kimejificha nyuma ya matete. Pale hakuna wimbi. Maji yametulia, ukiingia unaona vidole vyako vya miguu. Pale ndipo wanawake wote wa kwetu walikuwa wanateka maji, na wazee walitusifu watoto tukienda pale badala ya kule kwenye tope. Tulioga pale, mimi na kaka, tukashinda mpaka ngozi ikakunjamana. Na tukitoka tulikuwa tunawashwa. Dani alikuwa anatupaka mafuta, anasema ni jua.

Nikamweleza binti yangu hayo yote, hata ule mwasho. Alienda kuchukua kitabu chake cha baiolojia. Alinisomea polepole, akitafsiri. Ugonjwa wa kichocho. Mdudu mdogo anayeishi kwanza ndani ya konokono. Konokono wanaopenda maji yaliyotulia, yenye majani, mbali na mawimbi. Mtu anaingia majini, mdudu anapenya ngozi. Damu chooni. Ini na tumbo kuvimba. Wengine hutapika damu.

"Soma tena," nikamwambia.

Akasoma tena. Wateja wawili waliondoka bila kuhudumiwa.

Mwalimu alikubali swali lao: je, maji maangavu ni maji safi? Lakini alikuwa mkali. Mtoto asitie hata kidole majini. Glavu za mpira, buti, chujio lililofungwa kwenye mti mrefu, chupa zenye vifuniko. Alimpigia simu mtaalamu wa maabara waliyesoma naye, aliye kwenye kituo cha afya upande wa Mbita, atupokee. Wenzake wa kikundi hawakuruhusiwa na wazazi kwenda mbali, kwa hivyo likizo fupi ya katikati ya muhula tukaenda sisi wawili.

Sitadanganya kwamba nilienda kwa ajili ya maonyesho. Nilienda kwa sababu baba mdogo bado yuko hai, na nilitaka asikie kwa masikio yake kwamba si mimi. Ni hilo tu. Sikutaka shamba wala mbuzi.

Alikuwa kizee sasa, na fimbo, lakini mdomo wake haujazeeka. Alitufuata hadi kwenye kighuba akakaa juu ya jiwe. Binti yangu alivaa buti na glavu za njano alizokuwa amezikopa kwa mama anayefua.

"Huyu mtoto anaenda kupasua mtu?" baba mdogo akauliza.

"Ni kazi ya shule, babu."

"Shule." Alilitema hilo neno. "Mama yako naye alikuwa na kazi ya shule."

Binti yangu akatumbukiza chujio kwenye matete, akalikokota chini ya majani, akaliinua. Konokono. Wadogo, wa kahawia, bapa, waliojikunja kama kamba iliyozungushwa mezani. Nilikuwa nimewajua maisha yangu yote. Tulikuwa tunachezea magamba yao kaka na mimi, tukiyapanga kama sarafu. Akachota tena, wakaja wengine. Halafu tukaenda kule kwenye mawe na mawimbi, kwenye maji ya tope ambayo hakuna aliyeyasifu. Alichota mpaka mkono ukamchoka. Alipata mchanga, na majani, na samaki mdogo wa omena aliyepotea, na konokono mmoja tu aliyekuwa gamba tupu.

"Ajabu," akasema. "Mama, mlikuwa mnakimbia maji mabaya mkaenda kwa mabaya zaidi."

"Maji ya pale ni maler," baba mdogo akasema. "Hata leo tunateka pale. Ona hao."

Wajukuu zake walikuwa wanakuja na ndoo. Mmoja, msichana wa darasa la pili hivi, tumbo lilikuwa limemtangulia na miguu ilikuwa kama ya ndege. Binti yangu alimwona, akaniangalia. Sikuhitaji kuambiwa.

Kesho yake tulikuwa kwa yule mtaalamu wa maabara. Alikuwa kijana mpole, koti jeupe limefupika mikono. Alimweka kila konokono peke yake kwenye kichupa chenye maji kidogo, akavipanga chini ya taa, akatuambia tungoje, kwa sababu mdudu hutoka akiona mwanga akidhani ni mchana. Tulingoja nje tukila njugu. Nilikuwa na wasiwasi kama mtu anayengoja kesi.

Konokono wengi hawakutoa kitu. Alikuwa akitazama kwenye hadubini, anatikisa kichwa, anachukua kichupa kingine. Nikaanza kufikiri labda nimekuja bure, na nitarudi Suna na glavu za watu. Halafu akasema, "Aha." Akasogea. "Mama, njoo wewe kwanza."

Nilifumba jicho moja. Nikaona kope zangu mwenyewe, kubwa kama matete. "Usilibane sana jicho," akasema. Nikalegeza. Kukawa na duara la mwanga, na ndani yake kitu kinachorukaruka. Kichwa kidogo kirefu, na mkia uliopasuka mwisho kama ulimi wa nyoka. Kilikuwa kinajipiga, kinapumzika, kinajipiga tena. Hakikuwa na macho wala meno. Kilipita kingine nyuma yake.

Nilikitazama muda mrefu sana. Kijana hakunisukuma. Nilikuwa nimewachukia watu wengi kwa ajili ya kaka yangu, na bado nawachukia, lakini huyu ndiye aliyemla, na sikuwahi kumwona uso. Kumbe hana uso.

"Hiki kinajua mahindi?" nikauliza.

"Mahindi?"

"Mtu akipanda mahindi mapema. Hiki kinajali?"

Kijana alicheka, akidhani ni mzaha. "Hakijui hata wewe ni nani, mama. Kinatafuta ngozi tu."

Binti yangu hakucheka. Alikuja akanisogeza polepole kwa bega ili naye aone.

Kijana alituambia dawa ipo, na kwamba watoto wote wa lile boma waletwe, na wakubwa pia. Nikaenda na maneno hayo kwa baba mdogo. Alikuwa ameketi mlangoni anachonga mpini wa jembe. Shemeji zangu walikuwa wanachambua mbegu kwenye ungo, na waliponiona mmoja akaufunika kwa khanga. Nilijifanya sikuona.

Binti yangu akawaeleza kama anavyopaswa kuwaeleza majaji, na chupa zake mbili mkononi, ya matete na ya mawe. Watu walisogea. Alieleza kwa Kijaluo chake cha mjini, kikavunjika hapa na pale, wakacheka, wakamsahihisha, wakasikiliza. Alipofika kwa tumbo kuvimba na damu, kicheko kikakoma. Mke wa baba mdogo alimvuta yule mjukuu akamkalisha mbele yake.

"Kwa hivyo mnasema mganga alidanganya," baba mdogo akasema.

"Mganga alisema alichojua," nikamjibu. "Wewe ndiye uliyenitoa shule."

"Mimi? Nyumba ilikuwa na kifo. Ungefanya nini?"

"Ningeuliza tumbo limevimba lini. Tumbo la kaka lilivimba kabla sijaokota ule mkebe. Wewe ulijua. Ndiwe uliyempeleka zahanati."

Aliendelea kuchonga. Nilingoja aseme. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimepanga atakavyosema, tangu Migori nilikuwa nimempangia maneno mdomoni, hata na machozi. Hakusema hata moja. Alimtazama mjukuu wake, lile tumbo, akamuuliza binti yangu, si mimi, "Hiyo dawa wanatoa siku gani?"

"Hata kesho, babu."

"Na yule wa kule nyuma? Na wale wa mwanangu?"

"Wote. Na wewe."

"Mimi nimeoga pale tangu sijaota meno." Akakohoa. "Wote, basi. Kesho. Na ile njia ya matete iwekwe miiba."

Nikainuka kuondoka. Alikuwa amekubali kila kitu isipokuwa mimi. Nilikuwa nimeshafika langoni aliponiita. Hakuniita kwa jina. Alisema, "Nyathina." Mtoto wangu. Nilikuwa sijaitwa hivyo na yeye tangu kabla ya mikebe.

Akanyoosha mkono kwa shemeji mwenye ungo. "Lete."

Shemeji hakuelewa. "Lete nini, baba?"

"Khanga itoe. Lete."

Akachota mbegu kwa mkono wake mwenyewe. Mahindi meupe, makubwa, yaliyochaguliwa. Boma lile lilikuwa halijapanda hata punje. Dani alishakufa, mwenye boma sasa alikuwa mke wa baba mdogo, na foleni ilikuwa inamngoja yeye. Watu wote walikuwa wanajua hivyo. Akafungua kiganja changu akazimimina humo, mbele yao, kabla ya mtu yeyote.

Shemeji mmoja akavuta pumzi kwa sauti.

"Nenda kapande huko kwako," akasema baba mdogo. Halafu, kwa sababu ni yeye, akaongeza, "Usipande hapa lakini."

Hakuna aliyecheka, mpaka binti yangu alipocheka, ndipo wote wakacheka. Mimi nilifunga zile punje kwenye pembe ya leso yangu nikatembea hadi kwenye daraja la Mbita. Sijamsamehe. Watu wa kanisa wakisoma hapa wataniuliza, basi jibu ni hilo. Mwaka wangu wa tano wa shule hakunirudishia, wala kaka. Lakini mbele ya wake za boma alinitoa kwenye chira kwa mkono wake, na wao ndio waliokuwa wanaficha kapu.

Maonyesho yalikuwa ya shule za hapa. Sikuruhusiwa kuingia ndani ya ukumbi wakati wa majaji, nilichungulia dirishani na Sheikh ambaye alifunga duka akisema ni yeye mwenye wazo. Walishika nafasi ya pili. Wa kwanza walikuwa na mashine ya kutotoa vifaranga, na kwa kweli ilikuwa nzuri, hata mimi ningewapa. Jaji mmoja alimuuliza binti yangu wazo alilitoa wapi. Akasema, "Kwa neno moja la Kijaluo." Jaji alikuwa Mkuria, akasema kwao pia atauliza.

Zile punje nilikaa nazo kama wiki. Halafu jioni moja nikaosha mikebe miwili ya mafuta ya kupikia, nikatoboa matundu kwa msumari, nikaweka udongo. Binti yangu alikuja akanikuta nimepiga magoti nyuma ya kibanda.

"Mama! Mradi umekwisha."

"Wa kwako ndio umekwisha."

Mmoja nikauweka juu ya kreti, juani. Mwingine nikausukuma chini ya kitanda changu. Kila asubuhi kabla ya kuwasha jiko nilikuwa nainama kuchungulia, na magoti yangu si yale ya darasa la tano. Sheikh alikuja kuuliza kama mahindi yameota. Wateja wakaanza kubishana, mwenye bodaboda akasema ya juani, mama wa mboga akasema mbegu haioni, haijui jua ni nini.

Ile ya chini ya kitanda ndiyo iliyotangulia. Kaka alikuwa sahihi, ingawa si kwa kuimbiwa. Niliuvuta mkebe nikakuta kimti kimesimama, kirefu kuliko vile vya juani vilivyokuja baadaye, lakini kimenyooka chembamba, cheupe kama uzi, na ncha ya manjano. Nilishtuka. Sikuwa nimetarajia kwamba giza linaweza kurefusha kitu.

"Kinatafuta mwanga," binti yangu akasema akipiga mswaki. "Kinakimbia kwenda juu kwa sababu hakijui uko wapi."

"Kitakufa?"

"Kikibaki hapo, ndiyo."

"Na nikikitoa nje? Kitageuka kijani, au kimeshachelewa?"

Alitoa mswaki mdomoni. "Sijui, Mama. Hiyo hatujafundishwa."

Nikaubeba mkebe kwa mikono miwili, nikautoa nje na kuuweka juu ya kreti karibu na mwenzake, nikaacha chapati za watu zikingoja, nikakaa chini kutazama.